Chai Ambayo Mama Hakuipika

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya magodoro kabla sijakipata, na nilikipigania. Nilimwendea msimamizi wetu kila Jumatatu mpaka akachoka kuniona. Nilipokabidhiwa ufunguo nilifagia mwenyewe, nikapaka rangi mwenyewe, kisha nikapanga jiko la mazoezi kwenye pembe moja: meza inayonifika kiunoni, mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, sufuria mbili, vikombe, beseni la kuoshea vyombo, na rafu ya sukari na majani ya chai. Wageni wa kituo walikuwa wakiletwa kuliona. Nilikuwa nasimama kando na kujifanya sisikii sifa.

Sasa nikilitazama naona nilichokuwa nimekijenga. Nilikuwa nimejenga jiko la mke wangu. Kati ya wanawake walioingia mle ndani kutoka uwandani kwa wafugaji na kutoka mtoni kwa wakulima, sijui kama watatu waliwahi kupika wakiwa wamesimama.

Watu wengi hapa Garsen hawaijui kazi yangu, na sina haki ya kuwalaumu, maana hata mama yangu kule Kau huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa mikono. Kwa jina ni tiba ya kazi. Mtu akipatwa na kiharusi, au akikatika vidole, au mtoto akizaliwa na viungo vilivyokaza, wenzangu huokoa uhai. Mimi hupewa yale yanayofuata: atavaaje, atakulaje, ataoga vipi, atarudi vipi kwenye shughuli yake. Nimeifanya kazi hiyo wodini, kando ya kitanda, ambako furaha ya siku nzima ni mtu kushika kijiko. Nimeifanya darasani, nikiinua dawati kwa vipande vya mbao ili mtoto aandike. Nimeifanya nikiwa nimeketi kwenye mtumbwi na mkulima aliyebakiwa na vidole viwili, tukitafuta namna ya kuifunga kafi mkononi mwake ili avuke kwenda shambani. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa hupimwa pale anapoishi, na swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nililijibu vizuri sana.

Vifaa vingi nilikuwa natengeneza mwenyewe. Mpini wa kijiko niliunenepesha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kuuzungushia kamba. Kamba nilinunua kwenye duka moja la mwanamume wa Kiorma, hatua chache kutoka kituoni. Alikuwa anauza kamba, ndoo, madumu na mashuka. Alikuwa mpole na mwenye utani wa taratibu. Kila nikifika aliniuliza, "Leo unamfunga nani, daktari?" Nami nilimjibu kwamba nitamfunga yeye asipopima kamba sawasawa. Tulikuwa tumefika mahali pa kuitana rafiki.

Ndiye aliyeniletea mama mkwe wake.

Ilikuwa asubuhi, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Mama huyo alikuwa na boma lake uwandani, mbali kidogo na barabara, akiishi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kama wanawake wa Kiorma wanavyojenga. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi miwili nyuma, upande wa kulia. Mguu alikuwa anauburuta kidogo na mkono ulikuwa umelegea. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mbali na ng'ombe, na binti yake, mke wa mwenye duka, alikuwa amejifungua siku chache tu nyuma. Wa kumleta alibaki mkwe. Walikuja kwa pikipiki mbili, mama kwenye ya mbele na yeye kwenye ya nyuma, nami nikajisemea moyoni kwamba huyu rafiki yangu kumbe anapenda kutapanya.

"Huyu ni mama ya mke wangu," aliniambia. Aliniambia kwa maneno hayo hayo, mlangoni, kabla ya jambo lolote. Siwezi kusema sikujua.

Mama aliingia. Yeye akabaki nje, ameupa mlango mgongo.

"Ingia basi," nikamwambia.

"Mimi nakaa hapa tu, daktari."

"Na nani atanitafsiria? Kiorma changu ni cha kuulizia bei ya mbuzi."

Akaingia. Hakuketi. Alikwenda akasimama kwenye ukuta wa mbali, uso kwa uso na picha yangu ya mifupa ya mkono, kama aliyekuja kujifunza mifupa. Mama naye alivuta mtandio mpaka ukafunika uso wote. Nilidhani mwenye duka anaogopa ugonjwa. Wapo watu wa namna hiyo, hawataki kumwangalia mgonjwa. Nilimvutia kiti, nikakiweka karibu na mama, nikamwambia aketi hapo ili sauti ifike. Hakukigusa kile kiti.

"Mwambie apike chai," nilisema. "Kila kitu kiko mezani."

Aliuambia ukuta. Mama hakusogea.

Nikajaza kikombe maji, nikamwekea mbele yake, nikaomba anywe. Hakukishika. Nikauliza leo ni siku gani. Kimya. Nikauliza ana watoto wangapi, na hapo nikaona bega la mwenye duka likipanda na kushuka, lakini jibu halikuja, si kutoka kwa mama wala kwake. Niliangalia saa. Nje kulikuwa na foleni ya watu sita.

Kisha nikafika kwenye kipimo cha kuvaa. Kwa mgonjwa wa kiharusi ni kipimo cha kawaida: avue nguo ya juu, aivae tena, nione mkono mmoja unafanya nini. "Mwambie avue mtandio," nilisema, "halafu ajifunge tena."

Mwenye duka alitoka nje.

Nina hasira za karibu, kila anayefanya kazi nami anajua. Nilimfuata mpaka kwenye benchi la wagonjwa na kumwambia mbele ya wote, "Wewe, kama huna subira na mgonjwa wako, useme, tuache kupotezeana wakati." Akarudi ndani nyuma yangu, akasimama tena pale kwenye ukuta, na kwa sauti ya chini sana akatafsiri. Mama alikuwa ameukamata mtandio chini ya kidevu kwa mkono wa kushoto. Niliona vidole vilivyokaza. Niliviona, na nikaandika kwamba hafuati maelekezo.

Ripoti yangu ilikuwa na sentensi tano. Hawezi kupika. Hawezi kula wala kunywa bila msaada. Hawezi kuvaa. Hafuati maelekezo. Asiachwe kuishi peke yake. Chini kulikuwa na sehemu ya ziara ya nyumbani, nikaandika kwamba barabara haipitiki. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekuja kwa barabara hiyo asubuhi hiyo hiyo, na matope yalikuwa bado mabichi kwenye viatu vyake. Nikapiga muhuri. Yote hayo yalinichukua muda mfupi kuliko chai kuchemka. Nilimpa mwenye duka ripoti hiyo na karatasi yenye michoro ya mtu anayeminya mpira, nikasema mama afanye mara tatu kwa siku.

Yeye ni mtu wa mjini, anayeheshimu muhuri. Aliwasomea ndugu wa mkewe ripoti ile, wakakubaliana, na hakuna aliyefanya kwa ubaya. Kama daktari amesema asiachwe peke yake, ataachwaje? Nyumba ya mama ilibomolewa, miti na mikeka ikafungwa. Ng'ombe wake wa kukamwa waligawanywa kwa wake za wanawe. Mama akaletwa Garsen, akawekwa nyumbani kwa binti yake, yaani nyumbani kwa mkwe wake.

Nikija dukani, mwenye duka aliendelea kuniuzia kamba. Alikuwa ameacha kuniuliza namfunga nani, na mimi nilidhani ni uchovu wa mtoto mchanga.

Mvua zilikwisha kabla sijaenda kumwona mama. Nilikwenda kwa sababu orodha yangu ya ziara ilikuwa tupu na msimamizi alikuwa ameiomba. Nilichagua nyumba iliyo karibu.

Binti alinipokea, mtoto mgongoni. Alikuwa mchangamfu, mwenye Kiswahili chepesi cha mjini. Nilimuuliza mama anaendeleaje.

"Hali chakula," alisema. "Bwana yangu akiwa nyumbani hali kabisa, hata maji. Akitoka kwenda duka ndiyo anakula kidogo. Anakaa kile chumba cha nyuma. Siku ya Ijumaa bwana yangu hafungui duka asubuhi, basi yeye anashinda na njaa mpaka adhuhuri. Mimi nasema naye, yeye ananyamaza. Na bwana yangu pia amekonda. Anakohoa barabarani kabla hajafika nyumbani, ili mama apate kuingia ndani."

Aliniongoza kwa nyuma. Mlango ulikuwa wazi, nami nilisimama kabla ya kubisha, kwa sababu mama alikuwa kazini.

Alikuwa ameketi chini, miguu mbele. Katikati ya nyayo zake alikuwa amekibana kibuyu cha maziwa kilichokauka. Kwa mkono wa kushoto alichukua kijiti chenye kaa la moto, akakiingiza ndani, akakizungusha, moshi ukatoka, kama kibuyu kinavyofukizwa kabla ya kutiwa maziwa. Mkono wa kulia, ule uliolegea, alikuwa ameulaza juu ya mdomo wa kibuyu, na kwa uzito wake tu ulikuwa unauzuia moshi usitoke wote. Alingoja. Akakung'uta majivu, akasugua ndani kwa ufagio mdogo, akakigeuza kwa nyayo bila kukishika. Kisha akavuta dumu la maziwa, akalilaza pajani, akamimina. Tone halikuanguka. Mtandio ulikuwa umemteleza mpaka mabegani, na alipomaliza aliuokota kwa mkono wa kushoto, akaurusha, akauzungusha kichwani na kuuchomeka pembeni kwa wepesi ambao mimi sina hata nikifunga kamba za viatu.

Kazi ya jikoni, kuvaa, kufuata hatua za kazi moja baada ya nyingine. Vyote nilivyoandika kwamba hawezi vilikuwa mbele yangu, na hakuna aliyekuwa amemwagiza.

"Anafanya hivi kila siku?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Ile ya kibuyu?" Binti alicheka. "Hiyo si kazi, daktari. Tangu wiki ya kwanza anafanya."

"Sasa mbona kule kwangu hakufanya chochote? Hata maji hakunywa."

Kicheko kilimwisha. Alinitazama kama mtu anayeangalia kama anataniwa.

"Mbele ya mkwe wake, daktari?"

Mke wangu kwao ni upande wa Nanighi. Nimeoa miaka tisa na sijawahi kumwona mama mkwe wangu akitafuna. Nikifika huko naingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma, salamu zetu zinapitia kwa mtoto. Siku moja nilimkuta njiani, nikashuka kwenye shamba la watu na kusimama kati ya migomba mpaka akapita. Sisi wa mtoni na wao wa ng'ombe tumegombana kuhusu maji na malisho tangu babu zetu, lakini kuhusu heshima ya mkwe hatujawahi kutofautiana. Hakuna mtu wa kunifundisha hilo. Nilikuwa nalijua vizuri kuliko majina ya mifupa iliyo kwenye picha yangu.

Na hata hivyo nilimvutia yule mwanamume kiti karibu na mama mkwe wake. Nilimwagiza amwambie avue mtandio. Nilimtukana mbele ya watu kwa kutoka nje, na kutoka nje ndilo jambo la pekee la heshima lililofanyika ndani ya chumba kile asubuhi ile. Nilipovaa koti jeupe niliuacha ukwe wangu mlangoni, na nikataka na wao waache wa kwao.

Sikubisha mlango. Nilimwambia binti nitarudi, nikaondoka.

Niliandika ripoti mpya jioni ile ile. Ilikuwa ndefu. Nilieleza kibuyu, nyayo, mkono wa kulia unavyotumika kama uzito, nikashauri arudi kwake mara moja. Asubuhi niliipeleka dukani. Nilikuwa nimepanga la kusema, na njiani nilikuwa nalirudia: nimekosea, nisamehe, mama hakuwa na tatizo, tatizo lilikuwa langu. Mwenye duka aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

Aliponyanyua uso aliniuliza jambo moja tu. "Kwa hivyo siku ile alikuwa anaweza?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo.

"Ameimarika," nilisema. "Mazoezi yamemsaidia."

Mazoezi gani? Ile karatasi ya mtu anayeminya mpira binti alikuwa ameitumia kuwashia moto, aliniambia mwenyewe. Lakini mwenye duka aliweka ripoti chini, akazunguka meza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na maji. Alisema Mungu anilipe. Alisema sasa atalala. Nilimwacha aseme.

Na mambo hayakuishia hapo. Msimamizi wetu aliziona ripoti mbili, ya kwanza na ya pili, akaona mgonjwa aliyekuwa hawezi chochote na sasa anaweza kila kitu. Kwenye kikao cha wafanyakazi nikaombwa nieleze. Nilisimama nikaeleza yale mazoezi. Nilieleza vizuri, na walinipigia makofi.

Mama alirudi uwandani. Wanawake wa jamaa yake walimsaidia kuisimamisha nyumba, ndogo kuliko ile ya kwanza kwa sababu baadhi ya miti ilikuwa imekwisha kutumika kwingine. Ng'ombe hawakurudi wote. Wawili walikuwa wamekwenda mbali na kundi la mwana mkubwa, na mmoja, ambaye binti alisema mama alimlea tangu ndama, aliuzwa sokoni wakati mama yuko mjini, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kwamba atamhitaji tena. Kwa mwanamke wa Kiorma maziwa ndiyo kauli yake. Yeye ndiye anayeyagawa: haya ya watoto, haya ya mgeni, haya ya samli. Sasa alikuwa na ya kugawa kidogo.

Nilikwenda kumwona huko, safari hii bila kungoja orodha. Nilipanda pikipiki kati ya vichaka vya mathenge, nikafika nguo zimechanwa na miiba. Binti alikuwepo, amekuja na mtoto. Niliketi chini, mahali ninapostahili kufanyia kazi yangu. Tulifanya mambo madogo. Nilisuka kata ya majani ya kuwekea kibuyu ili asichoke nyayo. Nilirefusha ukanda wa kubebea ili apitishe bega la kushoto. Mama alikuwa anafuata kila kitu, na mara mbili alinikatiza na kunionyesha namna bora kuliko yangu. Uso ulikuwa wazi. Aliongea sana, na binti alikuwa hawahi kutafsiri.

Nilipoaga, binti aliniletea kibuyu kidogo cha maziwa. "Nyumba nzima inakushukuru," alisema. "Bwana yangu anamwambia kila mtu, huyu daktari alimkuta mama amekufa upande mmoja, akamponya."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilisema asante.

Mama alikuwa ananitazama. Alijua Kiswahili, si kingi, lakini kilimtosha. Aliuinua mkono wa kulia kwa kuushika kwa wa kushoto, akauweka magotini ambapo ningeuona vizuri.

"Daktari," alisema. "Mkono ni huu huu."

"Ndiyo, mama."

"Huu huu. Siku ile, na leo." Aliuacha ulale. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa Garsen, kwa sababu mkwe hatajwi jina. "Yule anafikiri mimi nilikuwa nimepotea akili. Umemwambia?"

Binti alikuwa ameinama akimfunga mtoto mgongoni. Nilisema nitamwambia.

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa ahadi na anayeiamini. Ni miaka miwili sasa. Duka liko pale pale, hatua chache kutoka kituoni, na mwenye duka akiniona kwa mbali hunipungia mkono. Siku hizi kamba nanunua kwingine.